Usafiri wa umeme na nishati safi Kampala: ni chombo gani hasa chenye mamlaka ya kuongoza mabadiliko haya?

Mwalimu_Mukono ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari na ninaandaa mada kwa wanafunzi wa kidato cha sita kuhusu jinsi miji yetu inavyoweza kuachana na mafuta na makaa bila kuwaumiza wananchi. Kadiri ninavyokusanya maelezo ndivyo swali moja linavyozidi kunisumbua, na ningependa wenye uzoefu wa kazi hizi wanisaidie.

Nionavyo, vitendea kazi tunavyo. Tangu bwawa la Nalubaale lilipofunguliwa pale Jinja mwaka 1954, tumeongeza Kiira, Bujagali ya megawati 250 mwaka 2012, Isimba ya megawati 183 mwaka 2019, na Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa rasmi Septemba 2024. Uwezo wa nchi wa kuzalisha umeme sasa umepita megawati 2,000, na sehemu yake kubwa kabisa hutokana na maji ya Mto Naili, kwa hiyo pikipiki inayochajiwa Kampala haihamishii moshi wake kwenye kituo cha kuchoma makaa ya mawe mahali pengine. Kwa upande wa magari, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Makerere ulitoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011 na basi la Kayoola mwaka 2016, na leo tuna kampuni ya umma yenye kiwanda Jinja. Sheria nazo zipo: Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipitishwa mwaka 2021, na katika ahadi zake za mwaka 2022 chini ya Mkataba wa Paris serikali ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 24.7 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo kama hakuna hatua yoyote iliyochukuliwa.

Hata hivyo, anayesimama Wandegeya au Nakawa saa kumi na moja jioni ataona teksi za abiria kumi na wanne zilizoingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, bodaboda za petroli zisizohesabika, na kando ya barabara wachuuzi wanaopikia makaa. Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ni chombo gani hasa kinachoweza kuulizwa kwa nini mabadiliko hayaendi, kikawajibika kujibu? Pili, kama chombo hicho kingekuwapo, kingeanza na bodaboda, mabasi, au majiko?

Mpangamiji_Ntinda amejibu:

Mwalimu, swali lako la kwanza ndilo zito, na jibu fupi ni kwamba chombo hicho hakipo. Vipo vingi vyenye kipande cha mamlaka, na kila kimoja kinaweza kukuonyesha kwa haki kabisa kwamba kipande kilichokwama kiko kwa mwenzake.

Tuanze na Mamlaka ya Jiji la Kampala, maarufu KCCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010. Eneo lake ni tarafa tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Lakini abiria wanaolijaza jiji asubuhi hulala Kira, Nansana, Bweyogerere, Mukono na Kajjansi, yaani katika wilaya za Wakiso na Mukono ambako Mkurugenzi wa KCCA hana amri. Ndani ya mipaka yake pia uongozi una vichwa viwili, Meya wa Jiji anayechaguliwa na wananchi na Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, na juu yao kuna Waziri wa Kampala. Waliofuatilia magazeti tangu 2011 wanajua muda uliopotea katika mabishano ya nani ana neno la mwisho.

Sasa toka nje ya KCCA. Leseni za magari ya abiria ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Bei ya umeme hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme. Kodi ya petroli, ya magari chakavu na ya betri huamuliwa na Wizara ya Fedha na Bunge. Ubora wa betri na vifaa vya kuchajia ni kazi ya Shirika la Viwango. Sheria hiyohiyo ya 2010 iliweka mamlaka ya kupanga ardhi ya jiji pamoja na wilaya jirani za Wakiso, Mukono na Mpigi, jambo ambalo lingetusaidia sana, lakini kwa miaka mingi chombo hicho kilibaki kwenye karatasi. Bila mpango wa ardhi wa pamoja, viwanja vinauzwa na nyumba zinajengwa mbali na njia yoyote kubwa ya usafiri, na baadaye tunashangaa kwa nini kila mtu anahitaji bodaboda ya kumfikisha barabarani.

Mfano unaoeleza mambo vizuri kuliko nadharia ni wa mabasi ya Pioneer. Yalianza kazi Machi 2012, mabasi karibu mia moja, na wakazi wengi waliyapenda kwa sababu nauli ilijulikana na kiti kilikuwa cha mtu mmoja. Kabla ya miaka miwili kutimia yalikuwa yamezuiwa na Mamlaka ya Mapato kwa deni la kodi. Sisemi deni halikuwapo. Ninasema kwamba jiji lilikaribisha mabasi ili kupunguza msongamano, wakati ofisi nyingine ya serikali iliyaona kama mlipakodi mwenye deni tu, na hapakuwa na meza ambapo ofisi hizo mbili zingepima hasara ya jiji zima dhidi ya deni la kampuni moja. Mpango wa njia maalumu za mabasi yaendayo haraka umekuwa kwenye makabrasha tangu takriban wakati uleule, na barabara za juu zimejengwa kabla yake.

Wataalamu wa Ulaya wanaochunguza mabadiliko ya aina hii, hasa Waholanzi, husema teknolojia mpya hukua kwanza pembeni, ikilindwa, huku mfumo wa zamani ukiwa umejifunga kwa kanuni, mikopo, mafundi na mazoea yake. Mfumo huo hauachii nafasi mpaka ushinikizwe kutoka juu na kutoka chini kwa wakati mmoja. Mimi naona sisi tumepata pembe nyingi zinazolindwa, majaribio ya hapa na pale, lakini hakuna anayebana mfumo wenyewe. Tena mkono huohuo wa serikali unaoahidi kupunguza gesijoto unajenga bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Inawezekana kuyatetea mambo yote mawili kwa hoja za mapato, lakini mwekezaji anayepima kama anunue mabasi ya umeme kwa mkopo wa miaka kumi husoma ishara zote mbili.

Pendekezo langu ni mamlaka moja ya uchukuzi kwa Kampala Kubwa, yenye nguvu za kutoa na kufuta leseni za njia. Mengine yatafuata.

Stegi_Bwaise amejibu:

Mheshimiwa Mpangamiji, nimesoma maelezo yako kwa makini na nakubaliana na mengi, ila hilo la mwisho limeniogopesha kidogo. Mimi ni mwenyekiti wa stegi, yaani kituo cha bodaboda, na katika miaka hii tumetangaziwa zaidi ya mara moja kwamba tutaondolewa katikati ya jiji, tutasajiliwa upya, tutapewa stegi maalumu. Kila tangazo liliandikwa na watu ambao hawakutuuliza abiria wetu wanatoka wapi na wanaenda wapi, na kila moja lililegea lenyewe baada ya wiki chache. Mamlaka mpya ikija na amri za namna hiyo itapata matokeo yaleyale.

Mwalimu ameuliza habari za bodaboda za umeme, nami nitasema ninayoyajua. Wenzangu kadhaa wamehamia huko, na kwa mwendo wa mjini hesabu inawatoka vizuri: hakuna kubadilisha oili, injini haihitaji fundi kila mara, na kubadilisha betri kituoni huchukua dakika chache tu. Anayependa kupumzika kidogo stegini hata analalamika kwamba sasa hana kisingizio.

Tatizo liko kwenye mkataba. Mara nyingi mwendeshaji hununua pikipiki kwa mkopo anaoulipa kila siku, lakini betri hubaki mali ya kampuni, na betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Ukishaingia umeingia. Kampuni ikipandisha bei ya kubadilisha, ikifunga kituo kilicho karibu na kwako, au ikiishiwa betri zenye chaji jioni ambapo kazi ndiyo imepamba moto, huna pa kwenda. Wenye petroli sisi hununua popote, hata kwenye chupa kando ya barabara ya Luweero. Mteja akitaka kupelekwa mbali, hadi Mityana, mwenye umeme humpisha mwenzake. Mwenzangu mmoja alirudisha pikipiki yake kwa sababu hiyo tu, ingawa alikuwa akiisifia kila siku.

Kwa hiyo mimi siulizi nani mkubwa kati ya Meya na Waziri. Nauliza nani atakayezilazimisha kampuni hizi zikubaliane umbo moja la betri, au angalau ziweke wazi masharti ya mkopo kabla kijana hajatia sahihi. Shirika la Viwango likifanya hilo peke yake, bila mamlaka yoyote mpya, mtaona watu wakihama wenyewe.

Mhandisi_Jinja amejibu:

Hoja ya Mwenyekiti kuhusu betri ni ya msingi, japo niongeze tahadhari. Kulazimisha umbo moja mapema mno, wakati aina za betri zenyewe bado zinabadilika, kunaweza kutufungia kwenye teknolojia ambayo baada ya miaka mitatu hakuna kiwanda kitakachokuwa kikiitengeneza. Ningeanza na viwango vya usalama, plagi na mawasiliano kati ya betri na chaja, halafu umbo lifuate.

Kuhusu umeme wenyewe, Mwalimu, usiwaambie wanafunzi wako kwamba umeme upo kisha ukaishia hapo. Kuna kuzalisha, kuna kusafirisha, kuna kusambaza, na tatizo letu liko mwishoni. Kwa miaka kadhaa nchi imelipia umeme ambao ungeweza kuzalishwa lakini haukuchukuliwa na mtu, kwa sababu mikataba ya baadhi ya mabwawa inataka malipo hata mitambo ikisimama. Wakati huohuo transfoma ya mtaa wa Kyebando inazidiwa saa mbili usiku na watu wanawasha mishumaa. Ziada iko Karuma na upungufu uko kwenye nguzo ya mwisho kabla ya nyumba. Mkataba wa kampuni iitwayo Umeme wa kusambaza umeme, uliodumu miaka 20, ulimalizika tarehe 31 Machi 2025, na kazi ikarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Katika miaka ya mwisho ya mkataba wowote wa namna hiyo, mwekezaji husita kuweka fedha mpya kwenye nyaya na transfoma ambazo muda si mrefu zitakuwa za mwingine. Shirika lililopokea limepokea pia kazi zilizoahirishwa.

Hapo ndipo ninapojibu swali la pili: ningeanza na mabasi. Basi la umeme hurudi depo usiku, na depo ni mteja mmoja mkubwa mwenye laini yake ya msongo wa kati, si mita za umeme mia tano zilizotawanyika mitaani. Wateja wakubwa tayari hulipa bei tofauti kulingana na saa, na umeme wa kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ndio wa bei ya chini, yaani saa zilezile ambapo basi limelala na mabwawa yana maji ya kutumia. Bodaboda za umeme ni njema kwa hewa tunayovuta, na vifaa vya AirQo vya Makerere vinavyopima hewa katika maeneo mengi ya Kampala vimetuonyesha jinsi hewa hiyo ilivyo mbaya, lakini pikipiki ya umeme huchukua nafasi ileile barabarani kama ya petroli. Foleni ya Jinja Road haitapungua hata kidogo.

Tusijidanganye pia kwamba kununua mabasi kunatosha. Dar es Salaam walijenga njia ya mwendokasi ya kilomita 21, wakaanza kazi Mei 2016 wakiwa na wakala maalumu wa kusimamia, yaani kile Mpangamiji anachokiomba. Njia ilikuwa nzuri, abiria wakaja kwa wingi, lakini kwa miaka mabasi yakawa machache kuliko abiria, watu wakapanga foleni vituoni hadi wakachoka. Chombo kilikuwapo. Kilichokosekana ni mkataba unaombana mwendeshaji aongeze mabasi na unaompa uhakika wa fedha za kuyanunua.

Chapati_Makindye amejibu:

Naomba nami niseme, maana naona majiko yamesahauliwa na wakubwa.

Mwaka 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia uchomaji wa makaa ya biashara katika kaskazini, na malori yakawa yanakamatwa njiani. Miti ya Acholi inastahili kulindwa, hilo silibishi, lakini sisi tunaopika mjini tulichokiona ni gunia kupanda bei. Hapakuwa na mbadala uliowekwa tayari. Naambiwa kuna bei nafuu ya umeme wa kupikia, ambapo uniti za kuanzia ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi huuzwa chini ya bei ya kawaida. Mimi na majirani zangu tunapanga vyumba vinavyotumia mita moja ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Vyumba vyote vikiunganishwa, hizo uniti nafuu huisha katika siku za mwanzo za mwezi na nyingine zote tunalipa kwa bei kamili, na mwenye nyumba ameandika ukutani kwamba ni marufuku kupika kwa umeme. Gesi nayo inataka fedha nyingi kwa mkupuo, wakati makaa nanunua kwa mkebe kulingana na nilichouza jana. Yule aliyepanga bei hiyo alikuwa anafikiria nyumba yenye mita yake, na Kampala wenye nyumba kama hizo ndio walio na uwezo wa kununua gesi tayari.

Mwalimu_Mukono:

Nawashukuru sana. Dada wa Makindye, jambo la mita moja kwa vyumba vingi sikuliona popote katika nyaraka nilizosoma, nami nitalipeleka darasani kwa sababu linaonyesha jinsi sera inavyoweza kuwa sahihi kwenye karatasi na isimfikie aliyekusudiwa.

Nimebaki na jambo moja. Mpangamiji anasema chombo kimoja, Mhandisi anasema chombo bila mkataba na fedha ni bure, Mwenyekiti anasema amri bila wahusika hazidumu. Fedha hizo zitoke wapi? Petroli hutozwa ushuru wa zaidi ya shilingi elfu moja kwa lita, na fedha za barabara hutegemea sana mafuta. Kila bodaboda inayohamia umeme inapunguza mapato hayo. Je, Wizara ya Fedha haina sababu ya kutaka mabadiliko haya yaende polepole?

Mpangamiji_Ntinda:

Mwalimu, hiyo ndiyo sababu isiyosemwa katika mikutano. Wizara ya Fedha haipingi magari ya umeme hadharani, ila misamaha ya kodi inaweza kubadilishwa katika bajeti ya Juni, na mfanyabiashara hawezi kupanga miaka minane kwa msamaha asio na uhakika nao.

Njia iliyopo ni kuhamisha tozo kutoka kwenye lita kwenda kwenye matumizi ya barabara. Tumekwisha kuanza bila kuiita hivyo: barabara ya kasi ya Entebbe, kilomita 51, hutoza magari tangu Januari 2022. Magari binafsi yanayoingia katikati ya jiji saa za asubuhi yanaweza kutozwa kwa namna hiyo, kama London walivyofanya kuanzia 2003, kwa sharti kwamba fedha ziwekwe wazi kwa ajili ya mabasi na njia za waenda kwa miguu. Sera ya waenda kwa miguu na baiskeli tunayo tangu 2012, na kipande cha mfano kwenye Namirembe Road na Luwum Street kilitengenezwa, lakini hakijapata wenzake kwa sababu hakina mfuko wake.

Kuhusu hoja ya Mwenyekiti, nairekebisha kauli yangu: mamlaka ninayoiomba iwe na viti vya vyama vya teksi na bodaboda vilivyoandikwa ndani ya sheria, si kwa hisani ya mkurugenzi. Nafasi nzuri tuliipoteza katikati ya 2020. Usafiri wa umma ulisimamishwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na uliporudi mwezi Juni, teksi zilitakiwa kusajiliwa kwa njia zao. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa na orodha ya nani anaendesha wapi. Orodha hiyo ingeweza kuwa msingi wa leseni za njia na wa kuwageuza wenye teksi kuwa wanahisa wa kampuni za mabasi. Ilitumika zaidi kukusanya ada.

Stegi_Bwaise:

Kama viti hivyo vitaandikwa ndani ya sheria, basi mimi sina ugomvi na mamlaka yako. Ila niulize kabla hatujafika mbali: tozo ya kuingia mjini itamhusu mwenye bodaboda, au itamhusu mwenye gari la mtu mmoja lenye viti vitano?

Mpangamiji_Ntinda:

Mwenye gari, Mwenyekiti. Teksi na bodaboda zilizosajiliwa ningeziacha nje, na za umeme ningezipa stegi zilizo karibu zaidi na paki kuu za teksi. Hiyo haigharimu hazina hata shilingi, na KCCA inaweza kuifanya kwa mamlaka iliyonayo leo.